Kutoka Giningi hadi Tena: Mfululizo wa Vitabu na Visa vya Ajabu katika Riwaya ya Kiswahili

1. Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, tangu uliposhika mizizi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, umezoea kukichambua kitabu kimoja kimoja. Mhakiki hukifungua, hutenga fani na maudhui, huwapanga wahusika wakuu na wadogo, hueleza msimamo wa mwandishi, kisha hukifunga. Utaratibu huo una manufaa yake, na hapana haja ya kuubeza. Hata hivyo, liko swali moja ambalo msomaji wa kawaida huliuliza mara tu amalizapo kitabu kilichompendeza, na ambalo uhakiki wa namna hiyo haukujiandaa kulijibu. Swali lenyewe ni hili: baada ya hiki, kisomwe kipi?

Swali hilo ni jepesi kwa sura yake tu. Anayelijibu analazimika kusema vitabu gani vinafuatana na vinafuatana kwa sababu gani, kipi kitangulie na kipi kingoje, na ni ladha ipi ya kitabu cha kwanza itakayopatikana katika cha pili. Kwa maneno mengine, analazimika kuhakiki. Kupendekeza kitabu ni kutoa hukumu, na hukumu hiyo hupimwa haraka kuliko nyingine zote, maadam mpendekezewa atarudi baada ya juma moja kusema kama amedanganywa au hakudanganywa.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuangalia mambo mawili yanayokwenda pamoja: mfululizo wa vitabu na riwaya ya visa vya ajabu. Yanadai kwamba Kiswahili kina mifululizo kuliko inavyodhaniwa, na kwamba ajabu katika riwaya zetu imechukua sura tatu zilizo mbalimbali. Yanadai pia kwamba udhaifu mkubwa wa riwaya ya ajabu ya Kiswahili hauko katika lugha wala katika ubunifu. Uko katika ufupi wa makazi ambayo riwaya hiyo humpa msomaji wake.

2. Msomaji wa Tena

Ili mjadala usielee hewani, yafaa awekwe mbele msomaji mmoja wa kubuni. Msomaji huyu anaishi Tena, mtaa wa Eastlands ulio mashariki ya jiji la Nairobi, jirani na Umoja na Donholm. Ana umri wa miaka kumi na saba au kumi na minane. Nyumbani na barabarani anazungumza Sheng, lugha ambayo Eastlands ndiyo iliyoilea. Darasani anasoma Kiingereza na Kiswahili sanifu. Si mvivu wa kusoma. Akiwa na fedha kidogo atapanda matatu hadi mjini, akainame penye vitabu vilivyotandazwa kando ya njia, katika biashara ambayo wakazi wa Nairobi wenyewe huiita inama. Asipokuwa na fedha, ataazima kwa rafiki, au ataelekea maktaba za Makadara na Kaloleni, ambazo ni matawi ya McMillan Memorial, maktaba iliyofunguliwa mwaka 1931.

Katika vitabu vya inama, msomaji huyu atakutana na Harry Potter wa J. K. Rowling, vitabu saba vilivyotolewa baina ya 1997 na 2007. Atakutana na The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, juzuu tatu za 1954 na 1955. Huenda akakutana na vitabu saba vya C. S. Lewis vinavyohusu nchi ya Narnia, vya 1950 hadi 1956. Vyote hivi vina sifa moja: kila kimoja kina namba yake katika safu, na msomaji akimaliza cha pili anajua kwamba kuna cha tatu. Rafiki yake naye anajua, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia.

Kiswahili, kwa upande mwingine, humjia msomaji huyu hasa kwa njia ya kitabu teule cha mtihani. Tangu mtihani wa KCSE ulipoanza mwaka 1989, wanafunzi wa Kenya wamekuwa wakisoma riwaya iliyoteuliwa, tamthilia iliyoteuliwa na mkusanyiko wa hadithi fupi. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilisomwa hivyo, kikafuatwa na Chozi la Heri cha Assumpta K. Matei. Vitabu hivyo vina ubora wake. Lakini kitabu teule, kwa umbile lake, hakina cha pili. Huja peke yake, husomwa kwa maswali, na siku ya mtihani ipitapo hurudishwa rafuni pamoja na vitabu vya mwongozo. Mwanafunzi hafundishwi kwamba mwandishi yule ameandika vitabu vingine vinavyongoja kusomwa. Hivyo humaliza shule akiamini kwamba Kiingereza kina vitabu vinavyofuatana na Kiswahili kina vitabu vinavyotahiniwa.

Imani hiyo si kweli, na wa kwanza kulaumiwa kwa kuenea kwake si mwanafunzi.

3. Dhana ya mfululizo

Mfululizo wa vitabu waweza kufungamanishwa na mambo matatu. Waweza kufungwa na mhusika mmoja anayerejea katika kila kitabu. Waweza kufungwa na ulimwengu mmoja ambamo visa vyote hutokea. Na waweza kufungwa na hoja moja inayorudiwa na kuendelezwa hata kama wahusika na mahali vimebadilika. Vitabu vya Tolkien na Lewis ni vya aina ya pili zaidi. Riwaya ya Kiswahili ina mifano bora ya aina ya kwanza na ya tatu. Aina ya pili ndiyo iliyo haba, na jambo hilo litarejewa mbele.

Ikumbukwe pia kwamba usimulizi wa mfululizo si mgeni Afrika Mashariki. Kabla ya riwaya, watu wa pwani walikuwa na hadithi zilizozaana usiku kwa usiku. Edward Steere alikusanya baadhi yake Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Alfu Lela U Lela, ambayo muundo wake wote ni hadithi ndani ya hadithi, iliingia katika maandishi ya Kiswahili mapema katika karne ya ishirini kwa kazi ya Edwin Brenn na Frederick Johnson, na baadaye ikafasiriwa upya na Hassan Adam. Johnson huyo huyo ndiye aliyetoa Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, tafsiri ya kitabu cha Rider Haggard cha 1885, ambaye shujaa wake Allan Quatermain alirejeshwa na mwandishi wake katika vitabu vingine vingi. Mwaka 1940 msomaji wa Kiswahili alipata pia Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kisa mashuhuri cha Lewis Carroll. Kwa hiyo, msomaji wa miaka ile alikwisha onjeshwa ajabu ya Mashariki na ajabu ya Magharibi. Kilichobaki kilikuwa waandishi wenyewe wa Kiswahili wafanye uamuzi wao.

4. Ajabu inayofunuliwa: Muhammed Said Abdulla

Mfululizo ulio kamili kuliko yote katika riwaya ya Kiswahili ni ule wa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliushinda mwaka 1958 mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau, na riwaya iliyomshindia, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Hivi ni vitabu saba, idadi ile ile ya Harry Potter na ya Narnia. Baadhi yake vilitolewa Nairobi na East African Publishing House, yaani katika jiji lile lile ambamo msomaji wa Tena anaambiwa kwamba Kiswahili hakina mfululizo.

Wahakiki wamekwisha sema mengi juu ya ujamaa wa Bwana Msa na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle: kiko, sahibu yake Najum aliye mwepesi wa kustaajabu, Inspekta Seif wa polisi, na ule utaratibu wa kuchambua dalili ndogondogo. Ulinganisho huo ni sahihi, ila umefanya madhara. Umewafanya wasomaji wengi wadhani kwamba Abdulla ni mwigaji tu, na umefunika jambo lililo lake mwenyewe, nalo ni jinsi anavyoitumia ajabu.

Yatazamwe majina ya vitabu viwili vya mwanzo. Mzimu, katika Unguja ya Abdulla, ni mahali panapoheshimiwa na kuogopwa, penye kupelekewa sadaka. Giningi, kwa masimulizi ya visiwani, ni makao ya wachawi. Mwandishi anamwahidi msomaji ajabu kwa jina la kitabu, kisha anaijenga hofu hiyo sura kwa sura, hata msomaji anasadiki kama wanavyosadiki wahusika. Mwisho anaifunua: nyuma ya mzimu kuna mtu, na mtu huyo ana tamaa, au wivu, au urithi anaoutaka. Ajabu imetumika kama pazia.

Je, hii ni kuidharau imani ya watu wa kale? Wako waliosema hivyo. Lakini Abdulla hamcheki anayeamini. Anamcheka anayetumia imani ya mwenziwe kuficha uovu. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo inayoufanya mfululizo huu uwe wa maana kwa msomaji wa leo, ambaye anaishi katika jiji ambamo wauzaji wa miujiza hawakosekani. Tena kila kitabu kinaongeza kitu juu ya kilichotangulia, hata kufikia kile cha mwisho ambacho jina lake lenyewe linakiri kwamba mjuzi naye hukosea. Msomaji aliyesoma kitabu kimoja tu hawezi kuionja ladha ya jina hilo. Yahitaji awe amemzoea Bwana Msa asiyekosea ndipo neno “kosa” limshtue. Hiyo ndiyo faida ya mfululizo ambayo uchambuzi wa kitabu kimoja kimoja hauwezi kuiona.

Ifaa kutajwa hapa, japo kwa ufupi, mfululizo mwingine wa mhusika, ule wa mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba. Ulianza na Kufa na Kupona (1974), ambayo sehemu yake kubwa hutokea Nairobi, ukaendelea na Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981) pamoja na nyinginezo. Hauna ajabu ya mizimu, na wahusika wake wa kike hawakutendewa haki. Hata hivyo, una mambo mawili yanayoupa nafasi katika mjadala huu: kasi ya masimulizi, na kufungamana kwake na harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Msomaji wa Nairobi atakayeanzia Kufa na Kupona atapata pia starehe ya kuliona jiji lake likiandikwa kwa Kiswahili na mgeni aliyelichunguza kwa makini.

5. Ajabu inayoamuliwa: Shaaban Robert

Kwa Shaaban Robert (1909–1962) mambo ni kinyume. Hapa ajabu haifunuliwi kuwa hila ya mtu. Ni kweli ndani ya kitabu, na hupewa kazi ya kuamua baina ya haki na dhuluma. Kusadikika (1951), Adili na Nduguze (1952) na Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo cha mwandishi, havikutolewa kwa namba wala havina mhusika mmoja. Lakini mtu akivisoma kwa kufuatana ataona kwamba ni mfululizo wa aina ya tatu, ule unaofungwa na hoja. Hoja yenyewe ni hii: nchi hutengenezwa na nini, na mwema hufanyaje katika nchi isiyomtaka?

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea kwa kuwasimulia wakubwa wa nchi habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na mashauri mema, na malipo yao yakawa kifungo. Utetezi wote ni hadithi ndani ya hadithi, muundo ule ule wa Alfu Lela U Lela. Lakini kule msimulizi anasimulia ili aiokoe roho yake, na hapa Karama anasimulia ili waokolewe na wengine. Kitabu kilitolewa wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza. Msomaji hahitaji kuambiwa zaidi.

Uhusiano wa Adili na Nduguze na Alfu Lela U Lela uko wazi zaidi. Katika masimulizi ya Mashariki kiko kisa cha liwali wa Basra katika zama za Harun al-Rashid, aliyelazimika kuwapiga mijeledi kila usiku ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert amekichukua kisa hicho akakihamishia katika nchi ya mfalme Rai. Liwali akawa Adili, na ndugu zake, Hasidi na Mwivu, wakageuzwa manyani na jini Huria. Majina yamekuwa sifa, na kisa kimekuwa mizani. Kuna msomaji atakayelalamika kwamba mtu akiitwa Hasidi tangu utotoni hapana la kungojea kwake isipokuwa uhasidi. Lalamiko hilo lina haki, na ndiyo sababu kitabu hiki hakifai kusomwa cha kwanza. Kisomwe baada ya Kusadikika, msomaji akiwa amekwisha elewa kwamba kwa Shaaban Robert jina si siri ya mhusika bali ni shtaka linalosomwa mbele yake.

Bora ya Shaaban Robert kwa msomaji wa visa vya ajabu ni kwamba haoni haya juu ya ajabu. Jini akitokea hatafuti udhuru, na mji ulioganda kuwa mawe anauingiza msomaji ndani yake kwa utulivu kamili. Waandishi wengi waliomfuata, hasa katika miaka ya 1970 wakati uhalisia ulipotiliwa mkazo, waliona ni lazima waombe radhi kwa jambo lolote lisiloweza kutokea barabarani.

6. Ajabu inayouliza: Kezilahabi na waliomfuata

Aina ya tatu ya ajabu ilianza na Euphrase Kezilahabi. Baada ya riwaya nne za kihalisia, kutoka Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979), alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991). Vitabu hivi viwili ni mfululizo kwa maana halisi: cha pili hakieleweki vema pasipo cha kwanza, na vyote viwili humfuata mtu mmoja anayesafiri katika ulimwengu ulioharibiwa, akitafuta kitu kinachomtoroka kila akikikaribia. Ajabu hapa haifunuliwi wala haiamui kitu. Imeachwa iwe swali. Mji usio na sauti, wanafalsafa waliokaa kimya, msako wa paa asiyeshikika: yote haya yanamwuliza msomaji kama fikra alizorithi zina jibu lolote.

Katama Mkangi naye, aliyekuwa mhadhiri wa elimujamii na aliyewekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa anafika katika ulimwengu ambao watu wake wameusahau unyonyaji. Jina la ulimwengu huo, likikatwa vizuri, husema kwamba wale ni sisi. Kyallo Wadi Wamitila akaendeleza njia hiyo katika Bina-Adamu! (2002), ambamo kijana anasafiri ulimwenguni kutafuta chanzo cha maradhi ya kijiji chake, na katika Musaleo! (2004), ambayo jina lake laweza kusomwa kuwa Musa wa leo. Kando ya hizo ziko Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, ambamo marehemu anarudi kumwuliza mjukuu wake mkubwa wa serikali amefanya nini.

Hizi ndizo kazi zinazosifiwa zaidi katika vyuo vikuu, na sifa hizo zinastahili. Lakini hapa ndipo inapopasa kusemwa neno lisilopendeza. Msomaji wa Tena aliyetoka kwa Tolkien akipewa Nagona, ataipokea kwa hamu na kuirudisha kwa mashaka. Jibu lililozoeleka kwa mashaka hayo ni kwamba msomaji hana kina. Jibu hilo ni la haraka mno. Ni bora kuuliza kwanza alichokikosa.

7. Makazi ya msomaji

Alichokikosa ni mahali pa kukaa. Nagona na Mzingile ni vitabu vyembamba, kila kimoja hakifikii kurasa mia. Msomaji hawezi kuujua mji wa Nagona kama anavyoijua nchi ya Narnia, kwa sababu mji huo haukukusudiwa ujulikane. Umewekwa ili upitwe. Katika Bina-Adamu! kila kituo cha safari ni ishara, na msomaji mwerevu huifungua ishara hiyo kama afunguavyo kitendawili. Akishakitegua, hana sababu ya kubaki pale, anaondoka kuelekea kituo kingine. Akishatambua kwamba P.P. ni ubeberu, haulizi tena P.P. anakula nini, analala wapi, au alikuwaje utotoni. Istiari imekwisha lipa deni lake.

Huu si upungufu wa kipawa. Ni matokeo ya historia. Riwaya ya ajabu ya Kiswahili imeandikwa aghalabu na watu waliokuwa na jambo la kusema kwa serikali, kwa dola za kigeni, au kwa falsafa, wakachagua ajabu kwa kuwa ilikuwa salama au ilikuwa na nguvu kuliko uhalisia. Shaaban Robert alikuwa na mkoloni. Mkangi alikuwa na kizuizi. Mwandishi aliye katika hali hiyo hana nafasi ya kuelezea vyakula vya Walenisi kwa kurasa kumi. Aidha, wachapishaji wetu huogopa kitabu kinene, na zaidi ya hapo huogopa kitabu kinachoahidi cha pili, kwa kuwa soko wanalolijua ni la shule, na shule hununua kimoja.

Hata hivyo, ukweli unabaki kwamba mfululizo wa ulimwengu, ule wa aina ya pili, hauwezi kusimama juu ya istiari peke yake. Msomaji harudi mahali kwa sababu ya maana yake tu. Hurudi kwa sababu pana mlango anaoujua, mtu anayemwamkia, na harufu ya kitu jikoni. Na kama Kiswahili kinatafuta mwalimu wa jambo hilo, basi mwalimu huyo yupo, naye ni Abdulla. Unguja ya Bwana Msa ina barabara, ina baraza, ina mabishano ya watu wenye majina na tabia, ina Kiswahili kinachosikika. Anayesoma vitabu vitatu vya mfululizo ule anaweza kutembea ndani yake. Kinachongojwa ni mwandishi atakayeichukua Giningi kwa uzito ambao Abdulla aliichukulia Unguja. Aingie ndani ya kisima badala ya kukifunua kuwa ni kisima tu, akae humo kwa vitabu vitatu au vinne, na atuambie wakazi wake hununua wapi na huzika vipi.

Mwandishi huyo si lazima atoke visiwani. Aweza kutoka Tena. Sheng, inayolaumiwa kila siku kwa kuharibu lugha, ni ushahidi kwamba vijana wa Eastlands wanaweza kubuni msamiati mzima na kuubadilisha kabla wazee hawajaukamata. Watu wenye uwezo huo hawashindwi kubuni nchi. Wanachokosa ni kuonyeshwa kwamba nchi zimekwisha kubuniwa kwa lugha hii kabla yao, na kwamba zimeachwa nusu.

8. Mapendekezo ya usomaji

Kwa kuwa makala haya yameanza kwa kudai kwamba kupendekeza ni kuhakiki, haifai yamalizike bila kupendekeza. Anayetoka katika vitabu vya Harry Potter aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, aendelee na Kisima cha Giningi, na asiguse Kosa la Bwana Msa kabla hajasoma walau vitatu vya katikati. Anayependa nchi za kubuni aanze na Kusadikika, afuate Kufikirika, amalizie Adili na Nduguze huku Alfu Lela U Lela ikiwa karibu naye ili aone kilichobadilishwa. Kutoka hapo aende Walenisi kabla ya Bina-Adamu! na Musaleo!, maana safari ya Dzombo ni nyepesi kufuatwa na humzoeza msomaji kusoma majina kwa makini. Nagona na Mzingile vingojee hadi mwisho, visomwe viwili kwa pamoja, na visomwe polepole. Mwenye haraka na apendaye mashaka ya upelelezi asione haya kumchukua Willy Gamba njiani.

Mpango huu hautegemei tarehe za kuchapishwa wala ukubwa wa majina ya waandishi. Unategemea kile ambacho kila kitabu kinamwandalia msomaji kwa ajili ya kijacho. Mwingine aweza kuupanga vingine, na itakuwa vema akiupanga, kwa sababu ubishi wa namna hiyo ndio uhakiki ambao umekosekana.

9. Hitimisho

Idara za lugha za Kiafrika zina wajibu hapa ambao hauwezi kusukumiwa wizara wala wachapishaji. Mwalimu wa shule ya upili hufundisha kama alivyofundishwa. Akifundishwa kwamba Mzingile ni mada ya mtihani wa mwaka wa tatu, atawapelekea wanafunzi wake mada. Akifundishwa kwamba Mzingile ni kitabu cha pili cha Nagona, na kwamba kuna njia inayotoka kwa Shaaban Robert hadi huko, atawapelekea vitabu. Hapana shaka baadhi ya vitabu vilivyotajwa humu ni vigumu kupatikana madukani, na vingine huonekana tu penye mitumba ya vitabu. Lakini kitabu kisichotafutwa hakichapishwi upya, na hakitafutwi kisichotajwa.

Mtaa wenyewe umepewa jina la Tena, neno ambalo mtoto hulisema hadithi ikimalizika naye hajashiba. Kiswahili kina hadithi za kumjibu kwa muda mrefu kuliko anavyodhani. Zikimwishia, basi asiambiwe kwamba lugha imefika kikomo, apewe karatasi.